Pengo la Ukoo Wetu

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta umekaa kwenye kivuli cha ukuta, miguu umeinyoosha, na lile goti lako la kushoto limekuhurumia kidogo. Je, paa la jiko limeshazibwa, au bado unahamisha masufuria kila mvua ikinyesha? Sisi huku tuko salama kwa uwezo wa Mungu. Mke wangu Zuhura hajambo. Aziza hajambo, ametimiza miaka saba na yuko mwaka wa pili shuleni. Na mjukuu wako Issa amefikisha miezi sita, mnene, anacheka na kila mtu, hata na mbuzi wa jirani.

Barua hii anakuletea fundi mwenzangu wa gereji ambaye anapanda boti kuja Kalemie kufuata injini. Najua utauliza kwa nini niandike wakati simu ipo. Kwa simu, mama, mimi na wewe tunajuana. Nikianza neno unalimalizia wewe, halafu mimi najikuta nimekubali na salio limekwisha. Hili sitaki limaliziwe na mtu. Ndiyo maana nimekaa chini na kalamu, na Mwajuma atakusomea.

Mwajuma, mdogo wangu, nakuomba jambo. Funga mlango kwanza. Msomee mama akiwa peke yake, polepole, usiruke mahali hata pakiuma, wala usitie maneno yako. Nakujua.

Mama, uliposikia Issa ameanza kutoa mate na kuuma kila kinachopita karibu na mdomo wake, ulituma salamu kwamba tusimpeleke popote, kwamba Idi ikipita utapanda boti uje na vitu vyako. Ukisema vitu vyako, mimi naviona bila kuonyeshwa. Ni kile kitambaa cheupe, chumvi kwenye kikopo, na ule waya wa gurudumu la baiskeli, rayo aliyokunolea marehemu baba, ambayo unawatolea watoto wachanga wenye homa yale mnayoyaita meno mabaya. Nataka nikueleze habari ya huo waya kabla hujafunga mzigo. Lakini nitaanza na Aziza, maana ndiko nilikojifunzia.

Shule zilipofunguliwa, jino lake la nyuma lilianza kumuuma. Alikuwa anatafuna upande mmoja tu, na shavu likawa linavimba na kushuka. Kosa la jino lile ni letu sisi wazazi, sisingizii mtu. Chai ya sukari tele asubuhi na jioni, na biskuti nilizokuwa namletea kila nikitoka gereji, nikijiona baba mzuri. Nikampeleka mahali fulani hapa mjini, sitapataja jina. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi na wenye kazi walikuwa na haraka. Mmoja akashika kichwa, mwingine mikono, na mimi nikaambiwa, "Papa, mushike miguu." Nikashika. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akamng'ata yule mtu kidole, jino halikutoka, tukaambiwa tumrudishe akipata akili.

Tangu siku ile Aziza hakufungua mdomo mbele ya mtu. Hata mama yake hakumruhusu kutazama. Wakati wa kula aligeukia ukutani. Aliyemkimbia kuliko wote ni mimi, na nilipomuuliza kwa nini haji kunipokea mlangoni kama zamani, alinijibu bila hasira yoyote, kama mtu anayetoa habari ya kawaida.

"Baba, we ndiye ulinishika miguu."

Nilikwenda gereji nikafungua giaboksi moja mara mbili, sijui nilikuwa natafuta nini ndani yake. Kilichokuwa kinanisumbua ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Wewe unakumbuka, mama. Aziza alikuwa na miezi saba, tulikuwa kwako uani, ana homa na kuhara, wewe umemweka mapajani na waya mkononi. Mtu aliyeshika miguu siku ile nilikuwa mimi. Yeye hakumbuki, lakini mimi nakumbuka jinsi alivyonitazama.

Mteja wetu mmoja, mzee mwenye duka la vipuri kule mtaa wa Asiatique, ndiye aliyeniambia habari za daktari wa meno, mwanamke, kwenye kituo kidogo cha afya. Alisema, "Yule dokta ashikishi watoto." Nikacheka. Utamtibuje mtoto bila kumshika? Hata hivyo nilikwenda, mimi na Zuhura, kwa sababu shavu lilikuwa limevimba tena.

Ni mama wa makamo, Mrundi, anaongea Kiswahili chetu cha hapa vizuri sana. Aziza alijificha nyuma ya mguu wangu. Daktari hakumfuata, hakumwita, alibaki kwenye kiti chake ananawa mikono.

"Aziza, leo sitafanya kitu," alisema. "Nitaesabu meno tu. Na nitaanza na baba. Baba, kaa mu kiti."

Nilikaa, mama, na ovaroli langu la mafuta, mtu mzima mwenye ndevu, mdomo wazi. Niliogopa, nakuambia kweli. Daktari akampa Aziza kioo kidogo chenye mkono mrefu.

"We ndiye utashika kiyoo. Mi ninaesabu, we uangalie kama ninadanganya."

Akaanza. Moja, mbili, tatu, taratibu, akigusa kila jino kwa ncha ya kidole. Aziza akasogea hatua moja, kisha nyingine, mpaka kichwa chake kikawa juu ya kifua changu. Daktari alipofika chini, upande, alihesabu mahali palipo wazi kana kwamba pana jino.

"Apana," Aziza akasema. "Apo akuna jino. Unadanganya."

Hilo ndilo neno la kwanza alilolitoa mbele ya daktari yeyote. Yule mama akacheka, akamwambia ana macho mazuri. Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, jino la pale lilikwenda wapi, na la upande wa pili pia. Nikamjibu vile tunavyojibu sisi wote siku zote. Nikasema nimezaliwa hivi, ni pengo la ukoo wetu, baba yangu alikuwa nalo, shangazi zangu wote wawili wanalo. Nilisema kwa majivuno kidogo. Daktari akasema, "Sawa," akanishusha kitini.

Zamu ya Aziza ilipofika, alikaa mapajani pangu, na daktari akaniambia nisimshike, mikono yangu niiweke kwenye kiti. Akamfundisha Aziza neno moja tu.

"Ukiinua mukono, mi ninaacha. Saa ile ile. Ata kama sijamaliza."

Aziza akainua mkono kabla hajaguswa. Daktari akarudisha mikono yake akaiweka magotini, akangoja, hakuguna wala hakutazama saa. Mkono ukashuka. Akakaribia na kioo, mkono ukapanda tena, naye akaacha tena. Nilitaka kumkemea mtoto kwa kumpotezea daktari wakati, lakini yule mama alinitazama nikanyamaza. Mara ya tatu Aziza alifungua mdomo mwenyewe, wazi kabisa, mdomo ambao hatukuuona ndani kwa wiki nyingi.

Akahesabu. Alipofika chini, pale pale mahali pangu, alisimama. Pande zote mbili hakukuwa na jino, na jino jipya la mbele lililo jirani na pengo lilikuwa linatoka limepinda, lina vishimo na rangi ya kahawia.

"Na uyu naye amezaliwa hivi?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, ni damu. Akaweka kioo mezani.

"Baba, ni nani alimutoa meno mabaya wakati alikuwa muchanga?"

Sikuwa nimemwambia lolote. Alijua kwa kutazama tu, kama mimi ninavyojua kwa kusikiliza injini kwamba kuna fundi mwingine aliyepita hapo kabla yangu.

Hakukutukana. Nataka ulijue hilo kabla Mwajuma hajaendelea. Alisema hata huku wako wengi wanaofanya, wengine wanayaita meno ya plastiki, na wanafanya kwa sababu wanawapenda watoto na wanaogopa kuwazika. Kisha akanionyesha kwa kuchora kwenye karatasi. Kile cheupe kinachovimba kwenye ufizi wa mtoto mchanga si jino baya, wala si mdudu. Ni jino lake lenyewe la utoto, bado laini, halijatoka. Na chini yake kuna jingine linalolala, lile la ukubwani. Waya unapoingia, unaling'oa la kwanza, na mara nyingi unalikwaruza la pili au unakwenda nalo pia. Nikamwambia, lakini dokta, homa iliisha. Akasema homa na kuhara vina sababu zake, maji, tumbo, malaria, na mara nyingi vingeisha vyenyewe au kwa dawa. Vikiisha, shukrani zote zinakwenda kwa waya.

Nilimuuliza, na watoto wasiopona baada ya waya? Akaniambia kuna watoto ambao damu hukataa kukatika, na wengine kidonda kinaingia uchafu. Hapo nilimkumbuka mtoto wa yule jirani yetu wa karibu na kisima, yule ambaye nyumbani hatumtaji. Siku zote tulisema alikufa kwa sababu aliletwa akiwa amechelewa. Huenda ni kweli. Sijui, mama, na wewe hujui, na sikuandikii barua hii ili tuhukumiane.

Lakini fikiri kidogo pamoja nami. Wewe uliolewa ukitoka mbali, na una meno yako yote, kwa hiyo tulisema hili pengo si la upande wako, ni la upande wa baba. Baba alikuwa nalo na dada zake wanalo. Na ni nani aliyewalea? Ni bibi, mama yake baba, aliyekuwa anafanya kazi hii kabla yako na aliyekufundisha wewe ulipokuja nyumbani ukiwa bibi harusi. Mimi ninalo kwa sababu bibi alikuwa hai nilipozaliwa. Mwajuma analo. Aziza alipokuwa na miaka minne akacheka mkaliona, ulipiga makofi ukasema huyu ni wetu, hata kama mama yake angemficha tungemjua. Nasi tukacheka wote, na Zuhura alifurahi kwamba mtoto amefanana na ukoo. Mama, haikuwa damu iliyotufananisha. Ni ule waya.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaichana. Ya nne nimeiacha.

Naendelea na habari za Aziza ili upumzike. Tulirudi kwa yule daktari mara mbili. Mara moja alimsafisha tu na kumfundisha kupiga mswaki, mchana huo ukoo wote wa jirani ukafundishwa na Aziza. Mara ya pili alisafisha lile jino la nyuma akaliziba. Aziza aliinua mkono mara moja, akaachwa, akavuta pumzi, akaushusha. Hakulia. Sasa daktari anataka tumrudishe baada ya miezi sita hata kama hakuna kinachouma, na Issa naye tumlete meno ya kwanza yakitoka. Mimi nawaambia wenye magari kila siku wasingoje mpaka gari lizime njiani. Kwa mtoto wangu sikuwahi kufikiri hivyo.

Sasa nakuja kwa Issa. Wiki iliyopita alishikwa na homa, akahara siku mbili mfululizo, macho yakaingia ndani. Zuhura alipofungua mdomo wake akaona vile vyeupe viwili chini, pale pale. Akaketi sakafuni akalia. Yeye alikuwepo nilipochorewa ile karatasi, alisikia yote, lakini mtoto akilegea mikononi karatasi inasahaulika.

"Mama yako alituponyeshea Aziza," aliniambia. "Kama ako mbali, iko mama mumoja kule Cibitoke anatoa. Twende naye sasa."

Nikasema hapana.

"Na akikufa?"

Nisikufiche, mama, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kama ungekuwa umekaa pale na kitambaa chako, sina hakika kama ningeweza kukuzuia. Ndiyo maana naandika sasa, wakati Issa mzima na akili zangu ziko sawa. Tulimfunga mgongoni tukaenda kituo cha afya. Walimpima damu, wakatupa vile vipakiti vya unga wa kuchanganya na maji safi, na vidonge, wakasema Zuhura asiache kumnyonyesha. Alikunywa kwa kijiko, kidogo kidogo, siku nzima. Siku ya tatu alikuwa anavuta masikio ya mbuzi. Na vile vyeupe viko pale pale hadi leo. Nimevitazama asubuhi hii. Havijamfanyia ubaya wowote.

Kwa hiyo, mama, nakuomba uje. Tunakungoja wote, chumba kimesafishwa. Lakini ule waya uuache Kalemie. Na kama moyo wako unakuambia huwezi kumuona mjukuu mwenye vyeupe kwenye ufizi ukakaa tu, basi usije kwanza. Naona uchungu kukuandikia hivyo, mimi niliyekuomba uje tangu mwaka juzi. Ngoja meno ya Issa yatoke yote, nitamleta kwako mimi mwenyewe, ukayahesabu.

Lakini mimi nataka uje, kwa sababu kazi ipo. Daktari amesema ufizi wa mtoto mchanga unafutwa kila siku kwa kitambaa safi kilicholowa maji, kimeviringwa kwenye kidole, taratibu, ili azoee mdomo wake kuguswa bila kuumizwa. Zuhura akijaribu, Issa anafunga mdomo. Kidole changu ni cha spana. Wewe mtaa mzima unajua una mkono mwepesi, watoto walikuwa wanasinzia mapajani pako kabla hujafanya lolote. Huo mkono ndio ninaouhitaji, na kile kitambaa cheupe njoo nacho. Sijui utawaambia nini kina mama wanaogonga mlango na watoto wao. Pengine uwatume kwenye kituo cha afya. Hilo nakuachia wewe, siwezi kukufundisha namna ya kuongea na watu wako.

Nisalimie shangazi wote wawili, na wasinune, mimi bado napenda wanavyocheka. Nisalimie mjomba wa msikitini na umwambie dua zake tunazihitaji. Nisalimie jirani wa ng'ambo ya uzio anayekuchotea maji. Mwajuma, asante kwa kusoma, najua sauti yako imetetemeka mahali. Zuhura anakubusu mikono.

Nimalizie na la Aziza. Siku hizi mchezo wake ni kuhesabu meno ya watu kwa mpini wa kijiko, na kila mtu anafundishwa kwanza kuinua mkono. Jana alikuwa ananihesabu mimi. Alipofika kwenye pengo akasimama, akafikiri.

"Baba, na we ukiwa muchanga, uliinua mukono?"

Nikamwambia mtoto mchanga hajui kuinua mkono. Akamtazama Issa aliyelala, kisha akanitazama mimi, akaendelea kuhesabu.

Issa hajui, mama. Basi nimeinua mimi. Barua hii ndiyo mkono wangu. Acha, saa hii hii, hata kama hujamaliza.

Mwanao akupendaye,
Ramazani